Mawese Si Grisi

Siku ya kwanza kuitwa mkaidi mbele za watu, mwanangu, ninaikumbuka kwa pua. Ilinukia vizuri. Ilinukia mawese yaliyopata moto, kana kwamba kuna mtu anakaanga samaki karibu, na wenzangu ndani ya tela wakaanza kuulizana ni mama gani anapika huku mlimani kusiko na nyumba. Mimi peke yangu nilijua kinachopikwa. Lilikuwa gurudumu letu.

Leo unaniona nimekaa kwenye karakana yangu hapa Baraka, mikono myeusi, mashofa, madereva wazima, wakinisalimia kwa adabu, unadhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa msichana, sijaolewa. Baba yangu alikuwa fundi wa magurudumu, nami nilikaa karibu naye mpaka kazi ikaniingia mikononi. Mdogo wake, baba mdogo Asukulu, alikuwa na gari kuukuu la jipu lililovuta remorke, yaani tela, ya magurudumu mawili. Aliiwekea mabenchi na paa la turubai, na mvua ikiharibu barabara watu walilala humo humo. Alitoka Lubondja, akapita Fizi, akashuka Baraka, abiria juu ya mabenchi na madumu ya mawese chini ya miguu yao.

Asubuhi ile Lubondja kulikuwa na baridi. Nilimkuta baba mdogo amefungua kitovu cha gurudumu la kushoto. Grisi, ile sisi tunaita grese, ilikuwa imemwishia. Akafungua dumu, akachota mawese. Kwa baridi ile yalikuwa yameganda, mazito, yanashika kidole sawasawa na grisi, tofauti ni rangi tu. Akayapaka kwenye beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayolifanya gurudumu lizunguke, akafunga, akajifuta mikono kwenye suruali. Nikamwambia yatayeyuka. Akaniambia niende kumsaidia dada yangu kupanda. Nikaenda, maana mpaka hapo nilikuwa na adabu.

Dada yangu Wabiwa alikuwa na mimba kubwa, anashuka Baraka akajifungulie kwa mama yetu, nami nikimsindikiza. Walimpa benchi la kushoto ambako turubai haikuvuja. Walimtendea wema, kweli. Ila benchi lile lilikuwa juu kabisa ya gurudumu lile.

Tulipita Fizi salama. Tulipoanza kushuka, ndipo harufu ikaja. Nikainama ukingoni, nikaona gurudumu linayumba, linaegemea ndani, linaegemea nje, na mafuta mekundu yanachuruzika kwenye chuma. Mbele yetu zilikuwa kona zile ambazo upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde tu. Nikapiga kelele na kugonga bati la ubavu wa tela mpaka Asukulu akasimama, akidhani mtu ameanguka. Nikaruka chini, nikagusa kitovu kwa mgongo wa mkono, jinsi baba alivyonizoeza, na ngozi ikababuka. Sikungoja kuulizwa. Nikaenda mbele ya jipu, nikaketi katikati ya barabara.

Sasa unajua kwetu kulivyo. Baba mdogo ni baba. Msichana hakai njiani kumzuia baba yake, hata kama njia inaelekea shimoni. Abiria walinisema vibaya. Walisema boti ya ziwani ya kwenda kusini inangoja yale mawese Baraka na haitangoja milele, wakasema labda nimeingiwa na kitu kichwani. Asukulu alishuka taratibu. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko kelele zao zote.

"We binti, toka mu njia," alisema. "Mawese iko mafuta, grese iko mafuta. Kitu ni kimoja."

"Kama kitu ni kimoja, baba, leo tupike sombe na grese. We ukule wa kwanza."

Kuna waliocheka. Kila mtu pale amelishwa sombe, kile kisamvu cha mawese, tangu hajaota meno, na nadhani waliionja ile grisi mdomoni. Asukulu hakucheka. Aliniambia yeye ni baba yangu na anasema niinuke.

"Ndiyo, uko baba yangu," nikajibu. "Na Wabiwa iko mutoto yako vilevile. Iko anakaa juu ya ile gurudumu. Ukitaka kupita, anza kupita juu yangu."

Usidhani nilikuwa shujaa. Niliogopa, nikashika mawe ya barabara nisije nikakimbia. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na bado ninayo, na siioni aibu.

Aliyeshuka wa kwanza hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mama mmoja wa huko juu milimani, wa wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Tangu asubuhi hakuna aliyemsemesha. Ugomvi wetu na wao unaujua, leo siuchimbui. Alikuja na kibuyu chake cha maziwa, akaketi kando yangu kwenye vumbi, akawaambia wote bila kumtazama mtu: "Ng'ombe ikichechemea, haupige fimbo. Unaangalia muguu." Wabiwa akashuka akishikilia tumbo, halafu wengine mmoja mmoja, wakinung'unika. Asukulu alibaki na tela isiyo na watu, akatoa jeki kwa hasira ili anionyeshe nilivyo mjinga.

Alipolegeza nati, gurudumu lilimwangukia mikononi lenyewe. Beringi haikuwepo tena. Vilikuwa vipande vyeusi vya chuma, na ncha ya ekseli iliyobeba uzito wote ilikuwa imelika, imebaki nyembamba upande mmoja. Wabiwa alitazama bonde, kisha akatafuta mahali pa kukaa. Nilifunga vile vipande kwenye pembe ya kitenge changu.

Ungefikiri nilishukuriwa. Tela ilibaki mlimani na mawese yake, boti ikaenda zake, Wabiwa akaingizwa kwenye jipu na wengine tukashuka kwa miguu. Baadaye wazee wa ukoo wakaitisha kikao. Habari za beringi hawakuuliza. Waliuliza tangu lini mtoto wa kike anakalia barabara ya baba yake, wakakata shauri: niende na kuku, nipige magoti, nimwombe Asukulu msamaha kama desturi inavyotaka. Baba yangu mwenyewe, aliyenifundisha kugusa kitovu, alinisihi nikubali yaishe. Mama alikwisha kumkamata kuku.

Nilikwenda. Nilibeba kapu lililofunikwa kitambaa, nikapita katikati ya wazee, nikapiga magoti, nikaliweka mbele ya baba mdogo. Mzee mmoja akashangaa mbona kuku ametulia hivyo. Asukulu akafunua, akakuta vile vipande vya beringi, vikinuka mawese yaliyoungua.

"Hii ndiyo kuku yangu," nikasema. "Kama kosa ni yangu, munionyeshe humu ndani."

Kikao kikachafuka. Wengine walitaka nichapwe, wengine walimuuliza baba yangu amelea nini. Sikuinuka wala sikuinamisha kichwa. Asukulu alitia mkono kapuni, akavichambua vipande kimoja kimoja, akatoa pete iliyopasuka, akaigeuza geuza. Mlangoni alikuwa ameketi Wabiwa akimnyonyesha binti yake, ambaye siku chache kabla alikuwa tumboni juu ya lile gurudumu. Asukulu aliwatazama muda mrefu, mama na mtoto.

"Muache huyu mutoto," akawaambia wazee. "Kuku nimeisha kula."

Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Ila aliitundika ile pete kwenye kioo cha jipu lake, ikaning'inia hapo hadi alipofariki. Mimi msamaha sikuomba, na sitaomba leo nikiwa na mvi.

Ndiyo maana nakwambia haya, mwanangu, wewe unayetaka kufunga tela nyuma ya gari na kupanda Fizi na watu wa watu. Weka grisi ya kweli. Kama huna, lala hapo ulipo, hata wakucheke. Kabla ya kuondoka inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, usiende. Lizungushe ulisikilize, na ukisikia linasaga usijifanye hukusikia. Ukisha kwenda kidogo, simama uguse kitovu, kwa mgongo wa mkono, ukiusogeza taratibu, usijiunguze kama mimi. Tairi likilika upande mmoja, usilaumu tairi ukanunua jingine, tazama ekseli, huenda imepinda au fundi aliichomelea vibaya. Na mpira uliopasuka pasuka kama kisigino cha kiangazi usiubebeshe mtu, hata kama ni mtu usiyempenda.

Hayo ya chuma utayazoea haraka. Kazi ngumu ni kusema hapana mbele ya mtu unayemheshimu, akiwa na haraka, na wote wako upande wake. Heshima si kumwacha baba aende shimoni huku umeinamisha kichwa. Mpigie magoti ukitaka, magoti hayana ubaya, lakini barabarani usiondoke. Na akija mgeni kuketi kando yako kwenye vumbi, msogelee, usimuulize kwanza anatoka wapi.

Lile kapu bado ninalo, limening'inia juu ya benchi langu la kazi. Siku wakikuitia kikao kwa sababu ulisimamisha gari, njoo ulichukue. Mungu akupe barabara kavu, ekseli iliyonyooka na abiria wanaofika wote. Na mimi, kwa mdomo wangu huu uliokataa kuomba msamaha, nakubariki: kichwa chako kiwe kigumu kama changu.