Bia za Harusi ya Mdogo Wangu

Nilipewa kazi ya vinywaji kwa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa za kipuuzi. Ya kwanza, mimi ni mwalimu, kwa hiyo hesabu nazijua. Ya pili, sinywi, kwa hiyo bia hazitapungua mikononi mwangu. Aliyezitoa sababu hizo ni baba mdogo, kwenye kikao cha pili cha kamati, sebuleni kwetu Gongoni, na watu wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba mtu ambaye hajawahi kumaliza chupa moja hawezi kujua watu mia tatu watamaliza ngapi. Lakini katibu alikuwa ameshaandika, na mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye rangi ya mapambo.

Aliyekuwa anaoa ni mdogo wangu wa mwisho. Binti alitoka Choma, kule Igunga, kwenye familia ya wakulima na wafugaji, Wamoraviani tangu enzi za babu yao. Sisi ni Wakatoliki wa mjini, na kwa upande wa baba ni ukoo wa wanywaji. Sisemi hivyo kwa kuwatukana; ndivyo walivyo, na wenyewe hawakatai. Baba yetu alikuwa fundi wa reli. Pombe ndiyo iliyomtoa kazini, kisha ikamtoa duniani nilipokuwa kidato cha pili. Tangu tulipomzika, mama hajaruhusu chupa ya bia ivuke mlango wake. Ndugu za baba wakija kututembelea wanakunywa chai, na wamezoea.

Kwa hiyo swali la kwanza lilipaswa kuwa kama bia zitakuwepo au la. Halikuulizwa. Baba mdogo alisema tu kwamba harusi bila bia ni kama ibada ya katikati ya wiki, wenzake wakacheka, na mama akainuka akaenda jikoni. Kila mtu akachukulia kwamba amekubali. Nilimfuata, nikamkuta anaosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeviosha mwenyewe asubuhi. Nikamuuliza kama ana neno la kusema. Akasema, "Nenda ukakae kikaoni, mwanangu. Wewe ndiye mwenye vinywaji."

Nikanunua daftari. Nilianza kama ninavyowafundisha watoto wangu wa darasa la tano: andika unachokijua, ndipo utafute usichokijua. Waalikwa mia tatu. Nikatoa watoto. Nikatoa masista. Nikatoa jirani zetu Waislamu. Nikabakiwa na watu wazima mia mbili na kitu, na hapo nikakwama, kwa sababu kila niliyemuuliza anakunywa kiasi gani alinijibu kwamba hanywi sana. Mwalimu mwenzangu hanywi sana. Jirani yetu fundi seremala, ambaye nimewahi kumwona akiiomba radhi nguzo ya umeme, naye hanywi sana. Ningekuwa na idadi ya bia zilizomo ndani ya hilo neno "sana," kazi yangu ingeisha siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza bwana harusi mwenyewe.

"Dada, weka za kutosha tu," akasema.

"Za kutosha ni ngapi?"

"Zile ambazo haziishi."

Nilimuuliza baba mdogo. Akasema kreti sitini. Nikamuuliza amezipataje. Akasema kwa uzoefu. Nikamwomba anifafanulie huo uzoefu, walau kwa makadirio ya chupa kwa kila mtu, akaniangalia kama mtoto anayeuliza mvua inatoka wapi. "Mwanangu," akasema, "bia zikiisha saa kumi, watu watalisema jina la kaka yangu mji mzima." Nilitaka kumjibu kwamba jina la kaka yake na bia tayari vinafahamika mji mzima. Nikaandika 60 kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Choma na mdogo wangu kupanga usafiri wa wageni wa kule. Baba wa binti, mzee wa kanisa mwenye sauti ya taratibu, alitupokea vizuri. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya wali na kuku, nilimuuliza kwa adabu zote kama niwaandalie soda peke yake.

"Kwetu hapa, mama, hakuna anayegusa pombe," akasema.

Nikaandika sifuri. Ndugu yake mdogo, mtu mnene aliyevaa kofia ya pama, alikuwa amekaa nyuma yake, ananikazia macho kama mtu anayezama. Tulipoaga, yeye ndiye aliyetusindikiza hadi barabarani. Tulipokwisha kulipita zizi la ng'ombe akapunguza mwendo.

"Mwalimu, kaka amesema kweli kabisa, kwa upande wake," akasema. "Sasa sisi wengine, kama zitakuwepo, tulikuwa tunaomba ziletwe kwenye vikombe vya chai."

"Mko wangapi?"

"Wachache."

"Wachache wangapi, mzee?"

Akafikiri. "Inategemea ukubwa wa basi mtakaloleta."

Mdogo wangu alicheka njia nzima hadi Nzega. Mimi sikucheka. Nilikuwa naifuta ile sifuri kwenye daftari huku gari linaruka mashimo, nikaifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki hiyo nilikwenda kwenye duka la jumla la vinywaji, na mama mwenye duka akanisikiliza kwa uvumilivu. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwani nani alikwambia zinazobaki hazirudi? Chukua nyingi. Kreti ambayo haijafunguliwa unanirudishia. Ikishafunguliwa hata chupa moja, kreti nzima ni yako." Nilikaribia kumkumbatia. Mwezi mzima nimekosa usingizi kwa jambo ambalo jibu lake lilikuwa hatua mia tatu kutoka shuleni kwangu.

Nikaipeleka habari hiyo kwenye kikao kwa furaha. Baba mdogo akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Kurudisha bia dukani baada ya harusi ni kuutangazia mji kwamba wageni wetu hawakujisikia wako nyumbani. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikamwambia, "Basi baba, kama hazirudi, nipe idadi ya kweli." Akasema, "Sitini."

Siku hiyo nilirudi chumbani nikalibamiza daftari mezani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nisomee majina," akasema.

"Majina gani?"

"Ya watu. Anza na ukoo wa baba yako."

Nikaanza, kwa uchovu tu, bila kuelewa anataka nini. Nikasoma jina la baba mkubwa wa Nzega.

"Nne," akasema mama. "Anaanza kwa haraka, kisha analala kwenye kiti. Msimwamshe."

Nikasoma la shangazi.

"Tatu. Mpelekee kwenye glasi ya soda, hapendi mkwe wake amwone."

Nikasoma la mzee mmoja aliyefanya kazi reli pamoja na baba.

"Kumi."

"Kumi, mama?"

"Kumi, na hatikisiki. Huyo usimwogope, anakunywa na kunyamaza. Andika."

Niliandika. Kurasa mbili nzima, jina kwa jina, na kwa kila jina mama alikuwa na idadi, na baada ya idadi alikuwa na neno: huyu anaimba, huyu analia, huyu ukimpa chakula kwanza inapungua moja. Vidole vyake havikuacha kutembea kwenye ungo. Nilipofika kwa baba mdogo ndipo viliposimama.

"Sita," akasema. "Ya saba ndiyo inayoleta shamba."

Nililijua hilo shamba. Kila penye sherehe au msiba, baba mdogo hufika mahali akasimama na kuwaeleza watu jinsi baba yetu alivyouza shamba la babu akanywea. Alilisema kwenye kipaimara changu, mbele ya padri. Alilisema hata tulipomaliza matanga ya baba mwenyewe. Sikuwahi kujua kwamba lina idadi.

"Mama, umeyajulia wapi haya yote?"

"Nani alikuwa anawahudumia?" akasema. "Miaka yote hiyo walikuwa wanakaa kwenye ua wangu. Nilihesabu ili nijue wakati wa kuwaondoa ninyi."

Nikakumbuka chumvi. Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akitutuma kwa jirani kuazima chumvi, sote watatu kwa pamoja, na kutuambia tusiharakishe kurudi. Miaka yote nimekuwa nikisimulia hadithi hiyo kama kichekesho, kwamba mama yetu hakuwahi kukumbuka kununua chumvi. Nilikaa pale na kalamu mkononi, nikashindwa kumtazama.

"Na baba?" nikauliza. "Yake ilikuwa ngapi?"

"Ya baba yako sikuwahi kuijua," akasema, akaendelea na mchele. "Haya, hao wa Choma. Waandikie kreti sita."

"Mzee wao amesema hawagusi."

"Yeye hagusi. Siku walipokuja hapa kututembelea nilipitisha juisi, nikaona wanaume kadhaa wanainusa kabla ya kuonja."

Tulipojumlisha, pamoja na marafiki wa bwana harusi na walimu wenzangu, zilifika kreti thelathini na nne. Sikumwambia mtu idadi hiyo nimeipata wapi. Nilichukua arobaini, kwa makubaliano ya kurudisha, na baba mdogo nikamwambia zote zimepatikana.

Harusi ilifanyika mchana ili wageni wa Choma waweze kurudi kwao siku hiyo hiyo. Basi lao lilifika limejaa hadi mlangoni, na yule mwenye kofia ya pama alikuwa wa kwanza kushuka. Niliingia stoo ya ukumbi kuangalia barafu, nikawakuta wahudumu wawili wanafungua bia. Hawakuwa wanafungua za kupeleka mezani. Walikuwa wanafungua chupa moja katika kila kreti, kisha wanahamia kreti nyingine.

"Nani amewaambia mfanye hivi?"

"Yule mzee mwenye suti ya kahawia," akasema mmoja. "Amesema ndio utaratibu, ili zisirudishwe."

Walikuwa wamefika kreti ya kumi na moja. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililoshonewa kwa wiki tatu, na ndani ya stoo ile, mbele ya watu nisiowajua, nilitamani kukaa chini nilie. Nikawanyang'anya kifungulio. Nikawaambia hizo kumi na moja ndizo zianze kutoka, na isifunguliwe nyingine bila mimi kusema. Kisha nikakaa juu ya kreti zilizobaki. Ndivyo nilivyoiona harusi ya mdogo wangu: kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi nusu, nikiona upande wa kushoto wa keki na mgongo wa bibi harusi. Walipoitwa dada za bwana harusi wacheze, nilisikia jina langu likitajwa mara mbili kwenye spika. Sikuinuka. Ningeinuka, baba mdogo angeingia.

Aliingia hata hivyo, saa kumi na nusu hivi.

"Mwanangu, nipe moja," akasema.

"Umeshakunywa sita, baba."

"Nani amehesabu?"

"Mama."

Nilidhani atafoka, nikajiandaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amehesabu leo tu?"

"Hapana, baba. Tangu zamani."

Akasimama pale akikifunga na kukifungua kifungo cha suti yake, akatoka. Kupitia mlango nikaona mama anamfuata na sahani ya pilau. "Shemeji, kaa ule," nikamsikia akimwambia, na baba mdogo akakaa, akala, na mama hakuondoka hadi sahani ilipoisha.

Ningependa kusema kwamba aliishia hapo. Hakuishia. Ya saba aliipata kwa yule mgeni wa Choma, ndani ya kikombe cha chai, na muda si muda nikamsikia akianza: "Baba yetu alikuwa na shamba kubwa." Nikaacha kreti zangu nikatoka mbio. Nilipofika mezani kwao nikamkuta yule mwenye kofia amemshika mkono, anamwambia, "Hata sisi, ndugu yangu. Kaka yetu mkubwa aliliuza lote." Hakuna mwingine aliyekuwa anawasikiliza. Waliongea mashamba hadi dereva wa basi alipopiga honi mara ya tatu.

Zilibaki kreti saba ambazo hazijafunguliwa. Nilizirudisha Jumatatu baada ya vipindi, nikiwa bado na hasira, na mama mwenye duka akasema hajawahi kuona harusi iliyokadiria karibu namna hiyo.

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu. Binti yake anaolewa Nzega, na anataka mimi nishike vinywaji, kwa sababu nimeonyesha kipaji. Nikamwambia ninaomba mapambo. Alibembeleza, nikakataa, akakata simu, akampigia mama. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mama alimsikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema atampa idadi, lakini siku yenyewe yeye, kama mama mkubwa wa binti, atakaa meza ya mbele pamoja na wazazi wengine, na asiitwe stoo kwa jambo lolote.