Kisu cha Babu Kilichokataa Kutaja Umri

Mama Visu alilipata jina lake matumboni mwa makochi. Alikuwa fundi wa kufumua makochi ya watu, kuyajaza na kuyavika upya, na kila kochi kuukuu alilolipasua lilikuwa limemeza kitu: vitana, funguo, vifungo, miwani ya mguu mmoja, na mara kwa mara kisu kidogo cha kukunja kilichomponyoka mtu mfukoni akiwa amesinzia. Vilivyokuwa na wenyewe alivirudisha. Vile ambavyo mwenye kochi alivigeuzageuza na kusema, "Hiki sikijui, labda cha aliyeniuzia," alivipaka mafuta ya cherehani na kuvilaza kwenye droo ya meza ya kukatia vitambaa, juu ya kipande cha velveti nyekundu. Mumewe alimtania kwamba wanawake wengine wanakusanya vikombe, yeye ameoa mwenye ghala la silaha.

Mwanzoni alivipenda kwa ule mlio tu, tak, bapa linaporudi kwenye mpini. Baadaye akataka kujua kila kimoja kimezaliwa lini. Kochi alijua kulisoma: ukikuta sufi na gunia ni la zamani, ukikuta sponji ni la juzijuzi. Lakini kochi la kale linaweza kumeza kisu cha jana, kwa hiyo hilo halikumfikisha mbali. Aliyemfikisha ni fundi saa, mzee mwenye duka jembamba ukuta kwa ukuta na karakana ya Mama Visu, ambaye naye alikuwa na maradhi hayohayo ya visu.

"Usihangaike na kutu," fundi saa alimwambia. "Kutu inadanganya. Kisu cha mwaka jana kikilala kwenye unyevu kinazeeka kuliko mimi. Tazama shina la bapa, hapo kiwanda kinapogonga muhuri. Viwanda hubadilisha mihuri yao kila baada ya muda. Kisha mpini: mfupa una vitundu vidogo kama ngozi yako, plastiki haina. Pembe uiguse na sindano ya moto, itanuka nywele zilizoungua. Halafu ribiti, vile vimisumari vinavyoshika bapa na mpini, halafu springi, chuma cha mgongoni kinachobana bapa. Hao wote wakikubaliana, ndipo ufungue mdomo utaje umri."

Akajifunza hivyo, na kwa miaka mingi hao wote walikubaliana.

Kisha siku moja kaka yake, dereva wa malori, akaingia karakana na kitu kilichofungwa kwenye leso. Kijana wake alikuwa anakaribia kuoa.

"Nimekuletea kisu cha Babu," alisema. "Nataka kumpa kijana. Ila nataka nimpe na historia yake. Niambie kina miaka mingapi."

"Mama amekubali kukitoa?"

"Kwa shingo upande, lakini amekubali."

Historia yenyewe kila mtu nyumbani kwao aliijua. Baba yao alipoondoka kwa wazazi wake kwenda kutafuta kazi, Babu alimshika mkono na kumwachia kisu hicho. Babu akafariki muda si mrefu, Mama Visu akiwa hata hajazaliwa. Baba akaishi na kisu hicho mfukoni mpaka naye alipozikwa. Kwa kisu hicho aliwamenyea machungwa, akawachongea penseli, akawakatia nyuzi zilizochomoza kwenye sare za shule. Mpini wake mweusi, wa pembe, ulikuwa umelainika kama kokoto la mtoni.

Mama Visu alikifungua mlangoni, penye mwanga. Akatazama shina la bapa. Akafuta kwa kidole, akatazama tena.

"Vipi?" kaka aliuliza.

"Niachie. Nitakwambia."

Muhuri ule aliujua. Alikuwa nao kwenye visu vya droo yake, na chini yake palikuwa na maneno ya kiwanda yanayojisifu kwamba chuma hiki hakishiki kutu. Kwa alivyofundishwa, muhuri wa namna hiyo ulitoka yeye akiwa tayari anakwenda shule na begi mgongoni. Babu alikuwa kaburini miaka yote hiyo. Maiti hampi mtu kisu.

Alijiambia amekosea. Akapasha sindano kwenye jiko, akaigusisha kwenye ncha ya mpini, mahali pasipoonekana, akanusa. Haukunuka nywele. Ulinuka kitana cha plastiki kilichoangukia makaa.

Sasa ilikuwa moja kati ya mawili. Ama alichofundishwa chote ni upuuzi, ama baba yake alipoteza kisu cha Babu, akanunua kingine, akawadanganya. Na baba yake alikuwa mtu wa kurudi dukani kurudisha karanga zilizozidi kwenye mizani. Alijaribu kumfikiria akisema uongo huku anawamenyea machungwa, sura ikakataa kuja. Mchana huo alishona foronya ya mto wa mteja ndani nje. Mumewe, aliyemletea chakula, aliinyanyua, akaigeuza huku na huku.

"Huyu mteja wako anakalia upande gani?" aliuliza.

Hakucheka. Alivaa viatu, akaenda kwa fundi saa.

Mzee alibana lenzi kwenye jicho, akakifungua kisu, akakifunga, akakichungulia mgongoni kwa muda mrefu. Akatoa lenzi, akaipangusa, akairudisha.

"Nani amekwambia hiki ni kisu kimoja?" alisema mwishowe.

"Una maana gani, mzee?"

"Springi hii ni ya kale. Imepigwa tupa kwa mkono, michirizi yake naiona. Hivi vibati vya shaba vya ndani navyo ni vya kale. Halafu angalia hapa, springi imelika mahali ambapo bapa hili haliifikii. Kuna bapa jingine liliishi humu kabla ya hili."

Mama Visu akajisikia nafuu, kidogo tu, maana mzee alikuwa bado anakunja uso.

"Sasa hiki ndicho kinachonitia wazimu," aliendelea. "Ribiti iliyoshika bapa imegongwa na fundi, safi kabisa. Lakini ribiti za mpini ni waya wa umeme. Mtu ameukata waya, akaupitisha, akaugonga kwa nyundo ya kupigia misumari. Hao ni watu wawili. Mmoja alijua kazi, mwingine alikuwa na haraka."

"Aliyetangulia ni yupi?"

"Hapo nimepotea kama wewe."

Mama yao aliishi kwa kaka. Mama Visu alimkuta sebuleni anachambua maharage kwenye sinia, kaka naye amejilaza kwenye mkeka baada ya safari ndefu. Aliweka kisu kwenye sinia, kando ya maharage, akamweleza mama yake kila kitu kama kilivyo: muhuri, harufu ya sindano, watu wawili.

Mama alichambua maharage mengine kadhaa kabla ya kujibu.

"Bapa ni mimi," alisema.

"Wewe, Mama?"

"Nilikuwa nafungua kopo la rangi. Tulikuwa tunapaka chumba chenu. Nikaingiza kisu chini ya mfuniko, nikakibinya, pa, kikavunjika kama biskuti. Baba yenu yuko kazini. Nikakimbia nacho kwa yule mnoa visu wa baiskeli, nikamwambia nitengenezee, na asijue mtu. Akanitilia bapa la kisu kingine."

"Na Baba hakuona?"

"Aliuliza mara moja. Lile bapa la kwanza lilikuwa likikata chungwa linakuwa jeusi. Akaniambia, mama watoto, mbona siku hizi kisu hakishiki weusi? Nikamwambia nakisugua kwa majivu. Basi ikabidi nikisugue kweli, kila wiki, mpaka anakufa."

Mama Visu alitaka kucheka, akajizuia. "Na mpini?"

"Mpini sijaugusa. Huo ni ule ule wa pembe."

"Si wa pembe, Mama. Ni plastiki. Umeshikwa kwa waya wa umeme."

Kaka, ambaye wote walidhani amelala, aliinuka akakaa.

"Waya wa umeme?" alisema. "Ngoja. Baba aliwahi kukaa nyuma ya nyumba anagonga waya. Nilikuwa mdogo. Alikuwa ameweka kitu pembeni ya jiko la makaa, kikaungua, panatoka harufu mbaya ya nywele. Akakata mgongo wa brashi ya nguo, ile nyeusi, akawa anaupiga msasa. Akaniambia, mama yako asijue, kisu hiki anakiheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Sikujua hata kama kilikuwa kisu hiki."

Mama aliacha maharage.

"Brashi yangu ya nguo," alisema polepole. "Niligombana na jirani kwa brashi ile. Tulinuniana mpaka akahama."

Kisha Mama Visu, ambaye mikono yake ilikuwa imeshazoea kuwaza yenyewe, akakishika kisu na kuona jambo jingine, na akatamani asingeliona.

"Kaka, hayo ya brashi yalikuwa kabla ya kupaka rangi chumba chetu, au baada?"

"Sikumbuki."

"Jaribu."

"Nimejaribu. Chumba nakiona kina rangi, halafu nakiona hakina."

"Kwa nini unauliza hilo?" Mama aliuliza.

"Kwa sababu ukiutoa mpini, ribiti ya bapa unaiona yote. Kama ulikuwa umeshabadilisha bapa, Baba alipotoa mpini aliikuta ribiti mpya inang'aa. Alijua."

Mama akakichukua kisu, akakifungua, akakifunga.

"Alijua, akaniacha nasugua majivu miaka yote hiyo?"

"Au hakujua. Sijui, Mama."

"Sasa kijana nimwambie nini?" kaka aliuliza. "Springi ya Babu, bapa la Mama, mpini wa Baba. Kina umri gani?"

"Hakina, kaka. Mimi siwezi kuutaja."

Lakini Mama alikuwa ameshakitia kisu kwenye mfuko wa gauni.

"Kijana mnunulieni saa," alisema. "Huyu baba yenu nina maneno naye, na sijamaliza."

Harusi ilipita, kijana akapewa saa, akaifurahia. Kisu kikabaki kwa Mama, na majivu hakukipaka tena. Kila Mama Visu alipokwenda kumsalimia, kabla hata ya kuulizwa habari za makochi, aliulizwa kama kuna namna ya kujua, kwa mtaalamu yeyote, mahali popote, ribiti ipi iligongwa kwanza. Alikwenda kwa fundi saa akauliza. Fundi saa alisema shaba na shaba, zikishakaa pamoja muda huo wote, zinafanana rangi. Alirudi akamwambia mama yake hivyo. Mama alitikisa kichwa, akamenya chungwa lake, akampa mwanawe nusu, na safari nyingine akauliza tena.