Foleni ya Kitabu Kisichoshikika

Wanafunzi walimwita Mama Kimya, naye alilijua jina hilo na lilimfurahisha kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Kazi yake aliielewa hivi: kitabu kikitoka kirudi, na mtu akiingia anyamaze. Kusoma kwenyewe lilikuwa shauri la msomaji, yeye halikumhusu. Mumewe, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, alilalamika kwamba hata akidondosha mkasi nyumbani kwake mwenyewe, mke humtupia jicho la maktaba.

Basi muhula ulipoanza, mwalimu mkuu akamwita ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haraka sana, hata salamu huitoa na kuijibu mwenyewe.

"Hujambo mama, sijambo, kaa. Tumepata maktaba ya mtandaoni. Tovuti! Vitabu vyote vimo humo. Mwanafunzi anaazima kwenye kompyuta, au kwa simu ya mzazi wake akiwa nyumbani."

"Na vile vya kwenye rafu?" akauliza Mama Kimya.

"Ndiyo sababu nimekuita." Mwalimu mkuu akakohoa, maana hata mtu wa haraka kuna mahali hupunguza mwendo. "Madarasa hayatoshi. Kamati ya shule inakitaka kile chumba. Mimi nimekupigania, nikawaambia wangoje. Tovuti ikipata wasomaji muhula huu, maktaba inabaki na wewe ndani yake. Wasipopatikana, chumba kinakuwa darasa, vitabu vinakwenda stoo, na wewe utakaa mapokezi."

Mapokezi! Jamani! Mapokezi ndiko simu zinakolia kutwa nzima, ndiko wazazi wanakogombana na mhasibu, ndiko mlango unakobamizwa na kila apitaye. Na chumba kile alikipenda mno. Alijua ni dirisha lipi linavuja mvua ikija na upepo, ni kiti kipi kinalia ukikikalia vibaya, na ni rafu ipi imeegemezwa ukutani ili jiografia isimwangukie mtu kichwani. Akatoka ofisini akiwa ameapa kimoyomoyo kwamba tovuti hiyo itapata wasomaji, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kuiona tovuti kwa macho.

Aliyekuja kumfundisha ni fundi wa kompyuta, bwana mmoja mwenye simu mbili na subira nusu. Akamwonyesha namna ya kuingia, namna ya kutafuta, namna ya kuazimisha. Wakafika mahali ambapo tovuti inauliza: nakala ngapi?

"Ziko ngapi?" akauliza Mama Kimya.

"Aa, mama, hapo weka unavyoona wewe." Simu ikalia, bwana akaipokea, akatoka nje nayo, na ikawa ndiyo kwaheri.

Sasa mwachie Mama Kimya neno kama hilo uone. Akavaa miwani, akakitazama kitabu cha kwanza pale kwenye skrini. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Kilikuwa kimoja. Akaandika moja. Cha pili nacho kilikuwa kimoja, akaandika moja. Akaenda hivyo hivyo hadi mwisho, vitabu vyote, moja, moja, moja. Mkutubi hadanganyi nakala, bwana. Ukisema unazo kumi nawe unayo moja, siku ya ukaguzi utasema nini? Na muda wa kuazima akaweka wiki mbili, kama ilivyo desturi.

Mnaona yalikoelekea. Kitabu cha mtandaoni, ambacho shule nzima ingeweza kukisoma kwa wakati mmoja bila kusukumana, kikawa kinaazimwa na mtoto mmoja, na wenzake wanangoja kwenye foleni. Na si hilo tu. Tovuti ilikuwa na kitufe cha kupokea kitabu kilichorudishwa. Mtu mwingine angekibonyeza akaenda zake. Mama Kimya alikuwa hajawahi kurudisha kitabu rafuni bila kukikagua, na hakuona sababu ya kuanza uzembe uzeeni. Kwa hiyo kila kitabu kilichorudi alikifungua na kukipitia ukurasa kwa ukurasa, kuona kama kuna aliyekunja pembe, aliyemwaga chai, au aliyechora mioyo pembeni. Hakukuta doa hata moja.

"Watoto wa siku hizi tunawasingizia," akamwambia mumewe jioni, wakila. "Mwaka huu wanatunza vitabu, usiseme!"

Mumewe, ambaye naye mtandao aliujua kwa kuusikia, akasema malezi mazuri hayajifichi.

Wanafunzi walinung'unika, lakini hakuna aliyedhani kuna kosa. Walidhani ndivyo tovuti zilivyo. Na katika vitabu vyote, foleni ndefu kupita zote ilikuwa ya riwaya moja, habari za mjomba fulani aliyetoroka siku ya harusi yake mwenyewe. Aliyeisoma kwanza alirudi darasani amevimba kichwa, kila akiulizwa mjomba alikwenda wapi anajibu, "Ngojeni zamu yenu." Ikawa watu hawalali.

Zamu iliyofuata ikamwangukia Redio. Huyu alikuwa msichana wa kidato cha pili ambaye Mungu alimpa kila kitu isipokuwa sauti ya chini. Hata akinong'ona, anasikika uwanjani. Mama Kimya alikwisha kumfukuza maktabani mara zisizo na idadi, na kila mara Redio aliomba radhi kwa sauti iliyostahili kufukuzwa upya.

Wakati wa mapumziko Redio akaketi kwenye kompyuta ya maktaba, akafungua riwaya yake. Waliokuwa kwenye foleni wakamzunguka. Mmoja akamvuta sketi, mwingine akamwomba kwa jina la mama yake mzazi, hadi akaanza kuwasomea. Mama Kimya alikuwa upande wa pili akifuta vumbi la historia. Aliposikia sauti, akaja mbio, kidole tayari kimefika mdomoni.

Na hapo Redio alikuwa amefika pale mjomba anapopanda dirishani, suti mwilini, viatu vya harusi mkononi, na nje chini ya dirisha hilo hilo amesimama mama mkwe.

Kidole cha Mama Kimya kikabaki pale pale mdomoni. Kitabu hiki alikipokea mwenyewe, alikikagua mwenyewe, kila ukurasa! Lakini alikuwa akitafuta madoa. Hakujua kwamba humo ndani mna mjomba, wala dirisha, wala mama mkwe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumpandisha joto masikioni. Miaka yote hiyo amelinda mlango, na hata siku moja hakuchungulia ndani. Akashusha kidole. Akaenda akafunga mlango wa maktaba ili walimu wasisikie, akarudi akasimama nyuma ya watoto akijifanya anapanga viti.

Kesho yake wakaja wengi zaidi. Keshokutwa wakakaa sakafuni. Wiki mbili za Redio zilipokwisha, Mama Kimya akamwongezea nyingine, kisha nyingine. Mama Kimya alijiambia kwamba anavumilia kelele kwa ajili ya wasomaji, ili chumba kipone. Alijidanganya vizuri tu, maana kengele ya mapumziko ilipokaribia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchungulia dirishani kuona kama Redio anakuja.

Mwisho wa muhula ukakaribia. Fundi wa kompyuta akaja kutoa taarifa ya tovuti, akafungua, akatazama. Halafu akaangua kicheko hadi akaishika meza.

"Mama! Nakala moja moja? Kitabu cha mtandaoni nakala moja? Na hivi vingine mbona vimekwama kwenye kupokelewa?"

"Hivyo nimo katika kuvikagua," akasema Mama Kimya kwa heshima zake zote.

Mwalimu mkuu hakucheka. Taarifa ilionyesha wasomaji wa kuhesabika kwenye vidole. Ile riwaya yenye foleni iliandikwa kuwa imesomwa na watu wawili basi, aliyeanza na Redio.

"Mama, umeniua," akasema. "Kamati nitaiambia nini? Kwamba shule nzima wamesoma watu wawili?"

"Wanasoma wengi, mwalimu. Wanakuja hapa."

"Tovuti inasema wawili." Akafunga faili. "Kesho madawati yanaingia. Pole sana, lakini mimi nimefika mwisho."

Fundi, ambaye kicheko kilikuwa kimemwisha na sasa alimhurumia, akasema kurekebisha ni jambo la dakika moja. Akabonyeza hapa na pale, na kila kitabu kikawa wazi kwa kila mtu, saa yoyote, bila foleni. Mama Kimya akamshukuru. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kochi katikati ya vipande vya vitambaa, akalia. Hakulia kwa ajili ya mapokezi tu. Alilia kwa sababu sasa kila mtoto alikuwa na mjomba wake kwenye simu ya nyumbani, na hakuna ambaye angekuwa na haja ya kuja tena. Mumewe akaacha cherehani, akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao yeye ndiye aliyenyamaza kwa hiari.

Kesho yake kweli madawati yakaja. Wapagazi wakayaingiza, mwalimu mkuu kasimama katikati akielekeza, hili huku, lile kule, rafu zisogezwe. Kengele ya mapumziko ikalia. Mlango ukafunguka, na watoto wakamiminika, wengi kuliko siku zote. Walipoona madawati hawakuuliza chochote. Waliyakalia kabla hayajatulia, mengine yakiwa bado mikononi mwa wapagazi. Redio akapenya hadi kwenye kompyuta.

"Kuna aliyesoma mbele?" akanguruma.

"Huyu hapa!" wakapiga kelele, wakimnyooshea kidole mvulana mmoja. "Alifungua jana kwa simu ya dada yake, akataka kutuambia, tukamziba mdomo!"

"Nani kawaruhusu?" akafoka mwalimu mkuu. "Kelele gani hizi? Hii si maktaba?"

"Mimi nimewaruhusu!"

Chumba kizima kiligeuka. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ya Mama Kimya ikiwa juu, na ilikuwa kubwa, ikamzidi hata Redio. Mwenyewe aliishangaa, lakini alikwisha kuanza.

"Hawa ndio wasomaji wangu, mwalimu. Tovuti inamhesabu aliyeshika kitabu. Haiwezi kumhesabu anayesikiliza. Wahesabu wewe, una macho. Jana kila mmoja wao alipewa kitabu chake nyumbani, na leo wamekuja. Unafikiri wamefuata nini hapa? Vumbi?"

Mwalimu mkuu akafungua mdomo, kisha kwa kuwa ni mtu wa haraka akaufunga upesi. Akawatazama watoto, wapagazi, yule aliyezibwa mdomo. Akataka kutoka, lakini njia ya mlangoni ilikuwa imezibwa na madawati aliyoyaagiza mwenyewe. Akakaa kwenye moja, magoti yakagota kwenye ubao, akamwashiria Redio kwa mkono kwamba haya, endelea.

Redio akasoma. Mjomba alikuwa amefika mji wa mbali, amejiita jina jingine, na siku moja sokoni kamwona yule bibi harusi wake akinunua sabuni. Wapagazi nao hawakuondoka. Mmoja wao alikuwa bado ameshikilia ncha ya dawati.

Kengele ikalia, watoto wakatoka wakibishana. Mwalimu mkuu akajichomoa kwenye dawati lake kwa taabu, akajikung'uta suruali.

"Nitaiambia kamati kwamba darasa limepatikana," akasema. "Na maktaba ipo ndani yake. Madawati yabaki, mama. Na wewe ubaki."

Mama Kimya aliitikia kwa kichwa. Mwalimu mkuu akafika mlangoni, akasimama, akatazama nje kama kuna mtu, kisha akarudi hatua moja.

"Kwani mjomba," akauliza kwa sauti ya chini, "alimsemesha pale sokoni, au alikimbia tena? Wewe kitabu unacho, mama. Hebu niambie."

"Sijui, mwalimu," akasema Mama Kimya akifuta macho. "Na mimi nangoja kesho."