Felisia Kissa, Aliyeosha Miguu ya Wasafiri wa Guangzhou

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1971, katika kijiji cha mvua na ukungu jirani na Tukuyu, mkoani Mbeya. Kwa kuwa siku hiyo Kanisa huwakumbuka mashahidi Perpetua na Felisita, alibatizwa Felisia. Nyumbani waliendelea kumwita Kissa, yaani huruma. Baba yake alilima chai, na mama yake aliwaongoza kina mama wa kigango katika sala na katika kuwatembelea wagonjwa. Aliolewa na William, dereva wa lori, wakajaliwa mtoto mmoja, Derick. Mwaka 2005 William alifariki. Felisia alianza kuuza viatu sokoni Mbeya, na mwaka 2007 akawafuata wafanyabiashara wenzake hadi Guangzhou, akimwacha Derick kwa bibi yake. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Wito wake ulimjia kwa njia ya ugonjwa. Wengi wetu hukosea tunapofika Guangzhou mara ya kwanza: tunasikia kwamba theluji haianguki, tunadhani hakuna baridi. Lakini Desemba vyumba havina joto, sakafu ni ya vigae, na unyevu hupenya mpaka kwenye mifupa. Felisia naye alizunguka na ndala katika maduka ya jumla ya Zhanxi, kwa sababu kwao Desemba si mwezi wa baridi. Alishikwa na homa kali, akalala peke yake katika chumba alichopanga mtaa wa Xiaobei. Mwenye nyumba, Bibi Liang, ambaye yeye na Felisia hawakuwa na lugha moja ya kuongea, aliingia na ndoo ya maji ya moto yenye tangawizi iliyopondwa na chumvi, kama mabibi wa mji ule wanavyowafanyia watu wao wakati wa baridi. Akamwosha miguu, kisha akaketi naye mpaka maji yakapoa. Baadaye, watu walipomuuliza kwa nini anajisumbua na miguu ya wageni, Felisia alijibu, “Mtu aliniosha yangu kabla sijajua kuomba.”

Kuanzia hapo, tangu Majilio hadi Mwaka Mpya wa Kichina, wakati kila mtu anakimbizana kujaza kontena kabla viwanda havijafungwa, mlango wake ulikuwa wazi kila jioni. Wanawake aliwaosha kwa mikono yake. Wanaume aliwamiminia maji wakajiosha wenyewe, ili hata ndugu Waislamu kama Mbarak wa Dar es Salaam waketi bila kuona vibaya. Hakuhubiri. Aliuliza tu kama mtu amekula na amelala. Vicheko havikukosekana.

“Mama Felisia, supu hii imebaki ndimu tu,” alisema siku moja Sihaba, mfanyabiashara wa Unguja, miguu yake ikiwa ndani ya ndoo.

“Tulia wewe. Supu hailalamiki.”

“Itaachaje kulalamika, na wewe unanichemsha kama pweza!”

“Pweza gani ana miguu miwili? Lete huo mwingine.”

Sihaba ndiye anayesimulia pia habari ya Januari 2014, umeme ulipokatika na kukawa na ndoo moja tu ya maji ya moto kwa watu waliojaa chumba kizima. Anasema wa mwisho aliingiza miguu yake na mvuke ukiwa bado unapanda. Hatuliiti muujiza, kwa maana kutamka hivyo si kazi yetu. Tunalitaja kwa sababu waliokuwepo bado wanalitaja.

Jaribu lake kubwa lilitoka nyumbani mwake. Mwaka 2016 Derick alikuja Guangzhou, kijana wa miaka ishirini, akamkuta mama yake amekuwa mama wa kila mtu. Alikaa naye mwaka mzima kwa uchungu. Majilio ya 2017 alihamia Shiling, mji wa mikoba, akapata kazi ya kufungasha mizigo, akaacha kupokea simu za mama yake. Mwaka uliofuata miguu ya Felisia ilianza kuvimba. Daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka, na ni vyema arudi nyumbani akapumzike. Sihaba alimsihi akate tiketi mara moja. Felisia alikataa kuondoka kabla hajapatana na mwanawe. “Nilishamwacha mara moja,” alisema. “Siwezi kumwacha mara ya pili.”

Tarehe 24 Desemba 2018 alipanda basi kwenda Shiling, akiwa na tangawizi katika mfuko. Alimkuta Derick mlangoni pa ghala, akifunga marobota.

“Shikamoo, mama,” alisema kijana bila kuinua uso.

“Marahaba, baba. Nimekuja nikuoshe miguu. Leo ni mkesha wa Noeli.”

“Kawaoshe watoto wako wa Xiaobei. Mimi Krismasi zangu nilikula na bibi. Nikipiga simu unaniambia subiri, kuna mtu miguu yake iko kwenye maji.”

Ilikuwa kweli. Kila mwaka alikwenda nyumbani Julai, biashara ilipopoa. Noeli aliwapa wengine. Angeweza kutaja ada ya shule na nguo alizotuma, lakini hakujitetea. Aliketi juu ya robota, akavua viatu. Vifundo vya miguu havikuonekana kwa uvimbe.

“Ni kweli, baba. Ulipata yaliyobaki. Na leo hata hayo sina, nimechoka. Nioshe wewe.”

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akiomba ahudumiwe. Kutoka ndani mwenye ghala aliita, akitaka marobota yaishe siku ileile. “Kesho, laoban,” Derick alijibu, kwa neno ambalo wafanyabiashara wote huwaitia mabosi wa kule. Kisha akachemsha maji, akapiga magoti.

“Yanaunguza?”

“Kidogo. Acha hivyohivyo. Ila tangawizi, baba, umekata kama unalisha ng'ombe.”

Hapo Derick alicheka, na katika kucheka akalia.

Jioni ile watu wa Xiaobei walikuta mlango wa Felisia umefungwa. “Yuko kwa mwanawe,” Sihaba aliwaambia. “Kila mtu akajioshe kwake.”

Hakurudi Xiaobei. Derick alimtunza katika chumba chake, akimpikia uji na kumwosha miguu kila jioni, na tarehe 2 Februari 2019, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa, alilala katika Bwana akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Derick aliurudisha mwili wake Tukuyu, akazikwa kando ya William.

Tangu hapo, mkesha wa Noeli wafanyabiashara wa Xiaobei hukutana na ndoo zao, Wakristo na jirani zao Waislamu. Desturi yao ni kwamba hakuna anayegusa mguu wa mgeni kabla hajapiga simu nyumbani na kuongea mpaka wa kule waridhike; na aliyeosha lazima naye aketi aoshwe. Ndugu mpendwa, huruma ya Felisia ilizunguka mbali kabla haijafika kwa mtoto wake, na Mungu kwa wema wake aliisubiri. Tumwige kwa kuanza na walio karibu. Na siku miguu yetu wenyewe itakapovimba, tusione haya kuvua viatu.