Kamera Niliyoibana kwa Mikono Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Afisa Habari wa Mkoa, mkuu wangu pale Musoma, aliniwekea mezani begi la turubai akaniambia nilimwage. Nilikuwa msichana pekee katika ofisi ile ya jirani na mtaa wa Mukendo, na wenzangu walisimama mlangoni waone nitavunja nini. Nilitoa kimoja kimoja, naye akanieleza kazi ya kila kifaa. Kofia ya lenzi, kikombe kifupi cha mpira kinachozuia jua la ubavuni lisipige kioo. Brashi laini ya vumbi. Mifuko ya nailoni ya kuivika kamera mvua ikinyesha. Stendi ya miguu mitatu. Mikanda ya filamu katika vikopo vyake. Mwisho ukatoka mfuko mweusi wenye mikono miwili, kama shati lisilo na shingo. Huo ndio mfuko wa giza. Unaweka kamera ndani, unafunga zipu, unapitisha mikono yako, na unaweza kufungua kamera jua la utosi bila mwanga kuugusa mkanda.

"Sasa rudisha vyote," alisema, "na macho umeyafumba."

Vijana wanaopiga picha kwa simu leo hawaielewi hofu yetu, na siwalaumu. Mkanda ulikuwa kitu cha gizani. Mwanga ukiuingia kabla haujasafishwa, kila ulichokipiga kinaungua, na hukijui kilichoungua mpaka siku utakayoutoa kwenye dawa. Kati ya kubonyeza na kusafisha unaishi bila uhakika. Unarudi nyumbani, unakula, unajibu salamu za watu, na hujui kama umefanya kazi au umepoteza siku.

Mwaka wa kwanza nilitumwa sana Mwigobero kuwapiga picha wavuvi na wachuuzi wa samaki. Dagaa walioanikwa walirudisha jua kama bati jipya na kukidanganya kipima mwanga, kile kishale kidogo kinachokuambia ufungue lenzi kiasi gani. Ukikiamini, watu wote wanatoka weusi kama mkaa. Ukungu wa wadudu wa ziwani nao ukitokea majini, ilikuwa lazima uvike lenzi kifuniko, ugeuze mgongo na usubiri upite. Niliwahi kukuta mdudu mmoja amelala ndani ya kamera, na kivuli chake kimetoka katikati ya uso wa mwenyekiti wa soko. Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka.

Baadaye nilihamishiwa Bunda, nikapanga chumba Kabasa. Afisa Habari wa pale alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye hofu kuliko mimi. Upepo wa kiangazi ulibeba vumbi mpaka chini ya kope. Yeye ndiye aliyenifundisha kutundika mfuko wa mawe katikati ya stendi ili upepo usiiangushe, na kufunga kamera katika kanga mbili, moja kavu na moja ya kupangusia. Kila nilipotoka alinifuata hadi barabarani akiuliza, betri umechukua? Mkanda wa akiba? Mawe utayapata huko? Nilimwambia nchi hii haijawahi kupungukiwa mawe. Alijibu kwamba siku nitakayoyahitaji ndiyo siku yatakayokuwa mbali.

Kutoka Bunda nilipelekwa Butiama, kwenye kituo kidogo chenye meza moja. Mtunza stoo wa Bunda aliniambia mfuko wa giza ni mmoja kwa kila wilaya, kwa hiyo unabaki pale. Nilibishana naye, nikashindwa. Stendi niliyopewa ilikuwa na mguu mmoja unaoteleza, tukaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Huko ndiko nilikokutana na familia ya Mama Wambura. Alikuwa mjane mwenye wana wawili, Wambura na mdogo wake Maro, waliokuwa hawasemezani kwa miaka kwa ajili ya mpaka wa malisho. Watoto wao walikatazwa kuchota maji pamoja. Mara moja walishatoleana mapanga, wakashikwa na majirani. Katibu Tarafa, mtu mkavu asiyependa mikutano, alihangaika nao mpaka wakakubali kupatana mbele ya wazee. Mama yao aliomba kitu kimoja tu, nacho ni picha ya wanawe wakishikana mikono, yeye akiwa kati.

Katibu Tarafa aliniita ofisini kwake. Alinieleza kwamba kwa wazee wa ukoo ule, kupatana hakurudiwi. Ukiwaambia washikane tena kwa sababu picha haikutoka, maana yake upatano wa kwanza haukushika, na kila mtu atarudi na neno lake la zamani.

"Utapata nafasi moja," alisema. "Ukiikosa, usije kwangu na habari za mitambo."

Tulifika kwenye mji wao, kama tunavyoita makazi ya familia, asubuhi jua likiwa bado laini. Shughuli ikachelewa. Wazee walisema mengi, mbuzi akachinjwa, na mimi nikawapiga picha wazee, nikapiga na ng'ombe waliokuwa wakipita, ili tu vidole visiganze. Nilikuwa nimetundika mawe kwenye stendi. Nilikagua ule mpira uliofunga mguu wa stendi mara nyingi hata mzee mmoja akaniuliza kama ninakamua ng'ombe.

Hatimaye Mama Wambura alikaa kwenye kigoda. Wanawe walisimama kulia na kushoto kwake, wakitazama pande mbili tofauti. Mzee mkuu alitamka maneno yake. Wambura alinyoosha mkono, Maro akaukawiza wake kidogo, kisha wakashikana juu ya kichwa cha mama yao. Nilibonyeza.

Vigelegele vilipasuka na wanawake wakaja mbio kumkumbatia mama. Mmoja alipita karibu mno na stendi, mpira ukakatika, mguu ukateleza na kamera ikapiga jiwe. Niliinyakua. Mlango wa nyuma, unaofunika mkanda, ulikuwa umepinda na kitasa chake kimevunjika. Niliubana kwa viganja viwili. Upande mmoja ulibaki ufa mwembamba, nikauziba kwa kidole gumba. Nilijua mwanga umeshachungulia ndani, ila sikujua umekula kiasi gani. Nilichojua ni kwamba nikiachia hata kwa kupiga chafya, picha ile imekufa.

Niliogopa kwamba neno "imevunjika" lenyewe lingewavunja.

Ndipo sinia ikaletwa, ugali wa mtama na muhogo na nyama ya mbuzi. Mzee mkuu alitangaza kwamba kila jicho lililoshuhudia, mkono wake lazima ule hapo. Katibu Tarafa alichovya. Wazee wakachovya. Nilibaki nimesimama na kamera kifuani kama mtu anayeficha kuku wa wizi. Sinia ilipofika mbele yangu, mikono haikwenda popote.

Maro alikuwa wa kwanza kuona. "Huyu wa serikali hali nasi," alisema polepole. "Labda kaletwa aangalie kama tutagombana tena."

Kelele zikapungua. Wambura aliniangalia, akaiangalia nyama. "Binti, chakula chetu kina nini?"

Nilimtazama Katibu Tarafa. Alitazama chini. Nikamgeukia mama yao na kumwambia ukweli wote: kwamba picha imo humu ndani, kwamba mlango umevunjika, kwamba nikiachia mwanga utaingia na kuila, na kwamba najua haiwezi kurudiwa.

Mama Wambura alinisogelea. Alikuwa mfupi sana. "Mikono hiyo ndiyo imewashika wanangu?"

"Ndiyo, mama. Wamo humu."

"Basi usiachie."

Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi na kuniweka mdomoni. Kisha nyama. Nilitafuna nikiwa na machozi ya aibu, na bibi mmoja akasema siku nikiolewa itabidi wapeleke na mlishaji. Watu wakacheka. Lakini Maro hakucheka. Alikuwa akiitazama kamera.

Nilisema ninahitaji giza. Chini ya giza ningeweza kuachia mlango, kubonyeza kitufe cha chini na kuzungusha mkono mdogo wa chuma ulio juu ya kamera, mpaka mkanda wote urudi ndani ya kikopo chake. Ni kazi ya mikono miwili. Wanawake walileta mablanketi ya nyumba nzima. Mama Wambura alinikalisha kwenye kona ya nyumba, mlango ukafungwa, nikafunikwa blanketi juu ya blanketi mpaka sikuona hata kidole changu. Kisha nikamsikia akiwaita wanawe kwa majina na kuwaamuru wakalie pindo, mmoja huku na mmoja kule.

Ndani mlikuwa na joto la jiko na harufu ya moshi. Nilianza kuzungusha. Hapo huwezi kukimbia. Ukivuta kwa haraka mkanda unaweza kukatika, na hapo hata giza halikusaidii.

"Upande wako ndo unaingiza mwanga," nilimsikia Wambura.

"Upande wangu?" Maro alijibu. "Mimi nimeukalia kwa tako lote."

"Umeachia hapo. Naona."

"Siku zote upande wangu ndo mbaya. Hata kwenye malisho ilikuwaga hivyo hivyo."

Nilisimamisha mkono. Jasho lilikuwa likinidondoka puani na sikuweza kulifuta. Nilitaka kuwapigia kelele wakae kimya, nikaogopa kwamba sauti yangu itaongeza upande wa tatu kwenye ugomvi ule. Kupitia mablanketi nilisikia mmoja wao akihema kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuinuka.

"Atakayeinuka hapo," mama yao alisema, bila kupandisha sauti, "na anizike leo."

Hakuinuka mtu. Baada ya muda nikasikia nguo ikiburutwa, na Wambura akasema, kwa unyonge ambao sikuutarajia, "Sogea basi. Tubane wote hapa katikati." Nikahisi uzito wa watu wawili umekaa pamoja kwenye pindo moja, karibu na goti langu. Niliendelea kuzungusha mpaka nikasikia mkanda unaachia upande wa pili na ule mkono ukawa mwepesi.

Picha ilisafishwa Musoma. Siku zote za kungoja usafiri na zamu ya chumba cha giza sikushiba. Fundi wa chumba kile aliuinua mkanda kwenye taa, akanisogezea nitazame. Mikono ya ndugu wale ilionekana vizuri, imeshikana. Wambura alionekana, Maro alionekana. Chini ya mikono yao, pale alipokaa mama yao, mwanga ulikuwa umechoma doa, jeusi kwenye mkanda na jeupe kwenye picha, kutoka nywele mpaka kifua.

Niliipeleka mwenyewe. Mama Wambura aliishika picha mbali na macho, kisha karibu. Nilianza kuomba radhi, akanikatisha. "Mimi najijua," alisema. "Hawa ndio nilitaka niwaone." Nilimsihi nimpige nyingine, yeye peke yake. Alikataa, akasema yake anayo.

Nimestaafu sasa. Vijana wa Musoma huniletea maswali ya vifaa, na huwajibu kwa utaratibu: kabla ya lenzi kubwa nunua stendi isiyoteleza, beba kitambaa kikavu, nailoni, betri ya akiba, na usikubali mtu wa stoo akuambie kitu kidogo hakina kazi. Wanaandika kwenye simu zao. Swali wasiloniuliza ni picha gani ipigwe kwanza, na jibu la hilo nililijua miaka michache baada ya siku ile, nikiwa bado Butiama.

Wambura na Maro walikuja kituoni pamoja, wamenyoa vichwa. Mama yao alikuwa amefariki, na walitaka picha ya uso wake ya kuweka juu ya jeneza. Tulipekua picha zote nilizopiga siku ile ya kupatana. Tulipata wazee, tukapata ng'ombe, tukapata mgongo wake akiwa jikoni. Hatukupata uso. Wakaenda na ile waliyokuwa nayo nyumbani.

Msibani iliegemezwa juu ya jeneza, ndani ya fremu. Wageni waliotoka mbali walikuwa wakiinama, wanaiangalia, kisha wanauliza marehemu yuko wapi hapa. Maro alikaa karibu na kuwaonyesha kwa kidole lile doa jeupe, mmoja baada ya mwingine. Alipochoka, Wambura alichukua nafasi yake.

Tangu siku hiyo mpaka nilipokabidhi kamera, kila nilipoingia kwenye mji wa watu, kabla wakubwa hawajapangwa, nilimtafuta mama wa pale na kumwomba atoke kivulini nimpige picha yeye kwanza. Wengi walikataa, wakisema bado hawajavaa. Niliwapiga hivyo hivyo.