Wifi Yangu Anakula Ninachopanga Mimi

Mnisitiri jina, maana watu wa Likasi tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sabini na mmoja, mjane, nina watoto wanne wakubwa na bado naishi katika nyumba ileile ya kambi ya wafanyakazi niliyoletwa nikiwa bibi harusi. Kanisani wananiita mama wa huruma kwa sababu namtunza wifi yangu mgonjwa. Leo nataka mnijue nilivyo.

Enzi za Zaïre mume wangu alikuwa fundi kiwandani. Kampuni ilitupa posho kila mwezi: unga, maharagi, samaki kavu, mafuta ya mawese. Tulikula tukashiba. Kisha mume wangu akaanza kunywa maji ndoo kwa ndoo na kuishiwa nguvu kazini. Daktari akasema ni sukari, akanitazama mimi, si yeye: "Dawa yake ya kwanza iko ndani ya sufuria yako, mama."

Nami nilikuwa nimesoma foyer, pale wake wa wafanyakazi tulipofundishwa kushona na kupika. Basi kila Jumapili baada ya misa nilikaa mezani nikaandika chakula cha wiki nzima. Jumatatu bukari, yaani ugali, ngumi moja na matembele, Jumanne maharagi yenye mafuta kidogo, munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, hakuna, bia hakuna. Karatasi nikaibandika kwenye mlango wa jikoni, unga nikaufungia stoo, ufunguo nikaufunga kwenye kitenge. Bila mpango ule angemaliza sufuria peke yake. Alinung'unika, lakini alifuata. Baada ya miezi mitano kiu ilikwisha na daktari akafurahi.

Tatizo alikonda. Siku ya gwaride la chama alivaa abakosti, lile koti la heshima lisilo na tai, likamning'inia mabegani. Majirani wakacheka. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwepo akaona. Hakusubiri hata tufike nyumbani.

"Weye unaua kaka yangu na njala! Bunga ya kampuni unapeleka kwa baba yako kule Kakanda, bwana yako anakula majani sawa mbuzi!"

"Ni docta njo alisema, dada."

"Docta gani? Muntu wa kazi anapimiwa bukari sawa mutoto?"

Siku zile mfanyakazi wa kampuni akikonda, watu walielewa jambo moja tu: mke anauza posho au analisha kwao. Familia ikakaa kikao sebuleni kwangu. Nikawaonyesha karatasi ya daktari, hakuna aliyeishika. Nikamtazama mume wangu aseme neno moja tu. Akatazama viatu vyake. Alikuwa na hamu ya kula, hilo nalijua, na hadi leo sijamsamehe hata huko kaburini. Nikavuliwa ufunguo mbele ya watoto wangu, akapewa wifi. Akahamia kwangu, na karatasi yangu ya mlangoni akaichana akawashia mbabula, jiko letu la makaa.

Akampikia kaka yake bukari ya mlima, sombe ya majani ya muhogo imejaa mawese, na kopo la munkoyo juu yake. Mume wangu akanenepa, watu wakamsifu wifi. Kisha kikaja kidonda cha mguu kisichopona. Mguu ukakatwa, na mwaka haujaisha tukamzika. Kwenye matanga wifi alilia kuliko wote, akasema mbele ya wageni kwamba ni mimi niliyemharibu tangu mwanzo kwa kumnyima. Niliapa moyoni kwamba nitaishi niione siku yake.

Malipo ni hapa hapa duniani. Mwaka jana sukari ilimpata yeye, huko alikohamia baada ya matanga. Hana mtoto, hana mtu. Kijana wangu akaniomba nimpokee, nikakubali hata hajamaliza kusema. Alidhani ni upendo.

Nikachukua karatasi nikapanga wiki. Bukari ngumi moja. Akiomba kidogo tu cha kuongezea namwambia, "Hapana, dada, ni docta njo alisema," na raha ninayoisikia hapo sijawahi kuisikia hata siku ya harusi yangu. Ajabu, sukari yake ilishuka. Daktari akanisifu. Kisasi changu kilikuwa kinamponya, wala sikujali, mradi ananyimwa na ninayemnyima ni mimi.

Sasa dhambi yenyewe. Miezi miwili iliyopita daktari alinipa karatasi nyingine. Amekonda mno, sukari inashuka kupita kiasi, aongezewe chakula, apewe uji asubuhi na kitu kidogo kabla ya kulala. Niliikunja nikaificha chini ya nguo zangu. Sijamwambia mtu. Naendelea na mpango wa zamani.

Wiki iliyopita alianguka karibu na meza, jasho linamtoka, macho hayaoni. Nilijua ni nini. Nilisimama nikamtazama, sijui kwa muda gani, ndipo nikaenda kumkorogea maji ya sukari. Alipopata fahamu akanishika mkono: "Mama, aksanti. Minye nilikutendea mubaya sana, na weye njo unanichunga."

Nilikasirika, nikauvuta mkono wangu. Zaidi ya miaka thelathini nimemngoja aombe radhi, akaja kuomba siku ambayo mwenye kosa ni mimi.

Leo ni Jumapili, karatasi ya wiki iko mbele yangu na sijaandika kitu. Nikiandika anavyotaka daktari, naona kama nimemwachia bure. Nikiandika kama zamani, iko siku nitachelewa na yale maji, na huenda nitachelewa kwa kupenda. Nishaurini, nifanye nini? Habari ya kusamehe msinipe, padri anaisema kila wiki. Nyinyi niambieni kesho asubuhi nimpikie nini.