Fimbo ya Mtani

Nasema mapema kabisa: kisa hiki kinanionyesha mjinga, na ujinga wenyewe sikusingiziwa na mtu. Kila nikisikia harufu ya fimbo ya mkwaju iliyotoka kubanduliwa ganda, narudi Temeke, kwenye mchanga nyuma ya nyumba yetu, mie na Maganga tuko darasa la nne, tumevua mashati, tunatwangana. Mie Mzaramo, mjomba alinifundisha kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa harusini wenye ngoma na zumari. Maganga Mnyamwezi, baba yake kaletwa Dar na kazi ya reli, naye alikuja na mieleka ya kwao Tabora. Mwanzo kila mmoja aliuona mchezo wa mwenzake wa kitoto. Nikimcharaza fimbo, ananidaka kiuno, napaa, nakula mchanga. Baada ya wiki mbili za kula mchanga nikasema basi, tuichanganye: fimbo kwanza, ikidondoka, mieleka.

Sheria ilikuwa moja, na tuliitoa kwenye utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka misafara ya mababu. Wanatukanana na hakuna kununa. Kwa hiyo kwetu kuanguka si kushindwa. Ukikasirika, ndiyo umeshindwa. Unapigana huku unamtania mwenzio, na ukimwangusha, unamwinua na kumpangusa mchanga. "Inuka, mtani, ardhi ya Wazaramo hii, usiilalie bure!" namwambia. Naye akiniangusha: "Wepesi nyie, mnakula nazi tupu!"

Masika yale mama yake Maganga akafa kwa homa. Desturi inamtaka mtani aende msibani atanie, hata kaburini aingie agome kutoka, mpaka wafiwa wacheke kidogo. Na mie, mwenye mdomo mrefu kuliko fimbo, niliogopa. Nilijibanza nyuma ya banda la kuku, nasikia vilio, mpaka watu wakarudi kutoka makaburini. Matanga yalipoisha Maganga akaja uwanjani na fimbo yake. Hakuniuliza kitu.

Idi Pili ikafika. Watoto wa mtaa mzima walikuja kutuangalia, maana tulishatangaza kwamba atakayeshinda ndiye ataitwa mwalimu na kuwafundisha wengine. Niliutaka ualimu ule kuliko nguo ya sikukuu. Maganga akaniangusha mara tatu, na mara zote akaniinua na kunipangusa, watoto wanaimba jina lake. Mara ya nne, kanishika mkono anivute juu, nikasema kwa sauti wote wasikie: "Mtani, mama'ako hakufa na homa. Kaichoka michembe yenu, viazi vikavu kila siku, kaona bora ale udongo!"

Watoto wakacheka. Mkono wa Maganga ukaniachia, nikarudi chini.

"Nimekasirika," akasema taratibu. "Umeshinda."

Akailaza fimbo yake pembeni yangu, akaondoka. Mie nikabebwa juu juu. Kabla mwezi haujaisha alipelekwa Tabora kwa bibi yake, nikabaki mwalimu wa nusu mchezo: fimbo naijua, mieleka nilijua kuangushwa tu. Sasa ni mtu mzima, napakua shehena bandarini, na pale kwenye mchanga wetu pamejengwa. Vijana bado wanacheza fimbo vichochoroni. Wana nguvu kutuzidi. Wanakasirika toka pigo la kwanza, mtu anatoka damu, wanasema huyo ndiye kashindwa, na aliye chini anajipangusa mwenyewe. Siwezi kuwalaumu. Mwalimu wao wa kwanza nilikuwa mie.

Kesho yake ile Idi Pili, nilikwenda kwao kuomba radhi. Nilimkuta baba yake mlangoni anapiga rangi viatu vyake vya kazi. Nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba, mtani," akajibu, wala hakuwa na hasira; heri angenichapa. Akaweka kiatu chini.

"Nimeambiwa ulichosema. Utani mzuri ule, ungetuchekesha sana siku ya mazishi. Mwenzio alikuwa anachungulia njia mpaka tunafukia. Mbona hukuja?"